Siku yangu moja zahanati, na mama mwenye kovu aliyegoma kwenda hospitali

Saa 10 na nusu alfajiri. Mlango unagongwa na mimi nishajua ni nini kabla sijafungua, maana mtu aliyeleta mama wa uchungu hagongi kama watu wengine, anagonga kama mwenye nyumba anayedai kodi. Nyumba ya mtumishi iko hatua chache tu kutoka zahanati kwaiyo sina pa kujificha. Natoka na kanga na tochi ya simu, bibi yuko mlangoni na salamu ya Kigogo "mbukwa mwanangu, huku hali imeiva".

Kwa wasionijua, mimi ni nesi mkunga kwenye zahanati moja ya kijijini mkoa wa Dodoma. Tuko watatu, mganga, mhudumu wa afya na mimi, na kiukweli upande wa wazazi ni mimi. Vitanda vya kuzalishia viwili, sola, friji ya chanjo. Thieta hamna, damu hamna, daktari wa kupasua hamna. Hospitali ya wilaya ni kilomita 40 na ushee, kiangazi lisaa limoja, masika usiniulize.

Huyu wa alfajiri ndo mteja wangu haswa. Mzao wa 3, wawili wa mwanzo kazaa salama, presha 110/70, mtoto katanguliza kichwa, njia imefunguka sentimita 8. Saa 12 na dakika 10 katoka mtoto wa kike kilo 3.1, analia mpaka jirani kaitikia. Oksitosini, sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 pajani ndani ya dakika moja, kondo limetoka lote, mfuko wa uzazi umejikaza kama embe bichi. Damu naipima kwa ule mfuko wa plastiki wenye mistari unaowekwa chini ya mama, imenibakia 4 tu na naitunza kuliko simu yangu. Zamani tulikuwa tunakadiria kwa macho kwenye kanga, na macho yanadanganya sana hasa usiku. Ule utafiti wa 2023 uliofanyika huku kwetu, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini ulionyesha ukipima hivi alafu ukampa mama tiba zote kwa pamoja bila kusubiri moja ifeli ndo ujaribu nyingine, matatizo makubwa ya kuvuja damu yanapungua kwa asilimia 60. Huyu wangu mililita 200. Nikamwachia bibi ampe uji.

Saa 1 na nusu. Nimeoga maji ya baridi, chai na kiporo cha ubwabwa.

Saa 2 kliniki imejaa, benchi zote na wengine chini ya mwarobaini. Uzito, presha, mkojo, wingi wa damu, SP ya kukinga malaria, vidonge vya damu, na kadi. Kile kipengele cha vidokezo vya hatari kwenye kadi huwa nakisoma kabla sijamwangalia mama usoni: umri chini ya miaka 20, kimo chini ya sentimita 150, miaka 10 tangu mimba ya mwisho, aliwahi kupasuliwa, mtoto alifia tumboni, kisukari, moyo. Ukipata tiki hapo maana yake usizalie kwangu. Kuandika ni sekunde mbili tu, kazi iko kwenye kumwambia mwenyewe.

Saa 4 kasoro kaingia huyo mama wa kovu. Miaka 27, mimba ya 3, wiki 34. Wa kwanza nilimzalisha mimi hapahapa. Wa pili alilala mlalo akapasuliwa hospitali, miaka miwili na miezi kadhaa iliyopita. Kaja na mama mkwe wake. Nimefungua mdomo tu kuhusu hospitali akanikata "dada mimi siendi kule, nazaa kwako". Kumbe kule kuna nesi alimtolea maneno wakati kidonda bado kibichi, alafu walilala wawili kitanda kimoja. Nikiri tu, mtu akikwambia anataka wewe ndo umzalishe moyo unalainika, mkunga gani hapendi kusikia hivo. Ndo maana sikumjibu haraka.

Nikamwambia ukweli wote, sio ule wa kutisha tu. Kwamba kovu sio lazima kisu tena. Wenye kovu moja wakijaribu njia ya kawaida, kwa kukadiria 7 kati ya 10 wanazaa vizuri, na yeye ana bahati zaidi kwa sababu alishazaa kawaida na kilichompasua ni mlalo wa mtoto, safari hii mtoto kakaa vizuri, nimempapasa mwenyewe. Ila kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu, kwa makadirio mmoja kwa 200. Akacheka "sasa si ni mmoja tu". Ni mmoja, ila huyo mmoja akiwa na thieta nyuma ya mlango ana nafasi, akiwa kwangu mtoto anazo dakika tu na mimi nina kilomita 40. Sindano ya kushona mfuko uliopasuka sina, damu ya kumrudishia sina. Alafu kitu ambacho wengi hawakijui, kovu la nje kwenye ngozi halikwambii mfuko wenyewe ulikatwaje ndani, hiyo ipo kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Nikaomba karatasi. Mama mkwe akatazama pembeni. Kumbe walishaiwashia moto.

Hapo mama mkwe naye akatoa lake "basi tutakuja njia ikishafunguka yote, utamkataa?" Jamani! Huu mchezo naujua. Wanakaa nyumbani wanavumilia uchungu wanakuja mtoto anachungulia ili nisiweze kuandika rufaa, na siwezi kumfukuza kweli, ntamzalisha huku magoti yananitetemeka. Nikamwambia "mama marahaba yako nimeipokea vizuri, ila ukinifanyia hivo umemfunga mkwe wako kamba na mimi pia". Akanyamaza.

Ndo tukaanza kuongea vizuri sasa. Mtu akisema sitaki hospitali nimejifunza kuuliza hasa nini hutaki. Yeye alichotaka ni mtu anayemjua na kutotukanwa. Hivo vinatafutika. Kuna kituo cha afya kilomita 18 kutoka hapa, ni kati ya vile vilivyojengewa thieta, na wanaozalisha ni wakunga wenzangu, daktari yuko palepale anaitwa ikibidi. Kwa mama kama huyu hiyo ingekuwa ndo jibu, mkunga mbele na thieta nyuma. Nikampigia simu mwenzangu wa kule mbele yao, spika wazi. Thieta inafanya kazi, mtaalamu wa usingizi yupo, damu hawana, friji imekufa wiki ya pili. Nikakata. Thieta bila damu kwa mama wa kovu mimi rufaa siandiki.

Basi hospitali, ila kwa masharti yetu. Wiki ya 37 anaenda kukaa chigonela, ile nyumba ya kusubiria pale pembeni ya hospitali, kwaiyo uchungu ukianza anatembea kwa miguu. Naandika barua nzima sio mistari miwili: alishazaa kawaida, sababu ya kupasuliwa, anataka kujaribu njia, na namba yangu. Akasema chigonela inataka chakula na mtu wa kukaa naye, na pesa ni ya mume. Shemeji yuko machungani. "Ntamuuliza jioni." Nikaandika tarehe.

Saa 7 nilikuwa nimeshika kijiko cha makande, kijiko hakikufika mdomoni.

Binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, wiki 36, kaletwa na bodaboda anasema kichwa kinagonga na anaona vimulimuli. Presha 168/112. Nikarudia, 170/110. Mkojo protini plasi tatu. Viatu vimembana kama vimeazimwa. Hapa sasa hamna mjadala wa sijui nataka wapi. Magi sulfeti, dawa ya kuzuia degedege la mimba, gramu 10, nusu tako hili nusu lile, na ile sindano inauma hata ukichanganya na ganzi, binti kanishika kanga mpaka imechanika. Nifedipini ya kumeza, ishushe presha. Mganga yuko kwenye simu anapiga 115, ile namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wazazi.

Wanaouliza hii 115 inafanyaje: unapiga, wanakuuliza maswali ya hali ya mama, wanatafuta gari. Ambulensi ikiwa mbali wanamwita dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari aliyesajiliwa, analipwa kwa simu. Leo ambulensi ilikuwa upande mwingine kabisa. Baada ya dakika 25 ikaja Noah ya mtu tunayemjua wote, asubuhi ilibeba mahindi.

Saa 8 na robo tuko njiani. Nimekaa nyuma na binti kalala ubavu wa kushoto, nimeshika ambu begi ya kumpulizia pumzi ikibidi, kalsiamu glukoneti mfukoni maana magi ikizidi inazima pumzi, na mfuko wa kuzalishia just in case. Kila baada ya muda nagonga goti lake na ukingo wa kiganja nione kama mguu unaruka. Nahesabu pumzi. Mama yake mbele anasali, dereva anakwepa mashimo kama anaendesha mayai. Hakuna mtu aliyeongea mpaka lami.

Saa 9 na nusu nimemkabidhi. Presha imeshuka 150/100, hajapata degedege. Watu husema takwimu za kitaifa zimeshuka, vifo vya uzazi 556 kwa vizazi hai laki moja kwenye utafiti wa 2015/16 mpaka 104 kwenye wa 2022, ni kweli na nafurahi, ila mimi huwa nauona huo mteremko kwenye Noah yenye punje za mahindi sakafuni.

Nikapita chigonela kumsalimia mama wangu wa mapacha, wa kwanza kakaa matako. Yuko huko siku 12. Moshi wa kuni, sufuria zimepangwa ukutani, wenzake wanamsuka. Anasema usiku kuna mbu na maji ni ya kununua, ila "nesi wa zamu ya usiku ananijua jina sasa". Nikamwomba anirekodie voisi ya kumtumia mama wa kovu. Karekodi dakika tatu nzima, moja na nusu ni umbea.

Saa 1 usiku nimerudi kwa lifti ya lori la mkaa. Nikatuma ile voisi.

Nikiwa najaza MTUHA, vile vitabu vya takwimu za zahanati, classmate wangu aliyeko Uingereza kaja WhatsApp. Yuko kwenye kituo cha wakunga kilicho ndani ya jengo la hospitali, anasema kila wiki anapata mama wa kovu, wa uzito mkubwa, wa presha, wote wanataka kuzalia kwenye beseni la maji na taa hafifu. Wanakaa nao pamoja na daktari wanaandika mpango. Nikamwambia zile takwimu nzuri za vituo vya wakunga vya kwenu, ule utafiti mkubwa wa 2011, si zilikuwa za wanawake wasio na hatari? Akasema ndo hapo, watu wanasoma kichwa cha habari wanamleta mama wa kovu na karatasi mkononi. Alafu akaongeza kwake thieta ni kubonyeza lifti. Mimi nikamtumia picha ya lori la mkaa.

Saa 3 na dakika 40 simu ya shemeji, sauti ya upepo wa zizini. Hakusalimia vizuri. "Dada, hiyo chigonela ni siku ngapi?" Nikasema weka wiki tatu, labda nne. Kimya. "Mbuzi mmoja hatoshi basi." Nikamwambia hata unga debe na kuni ni mwanzo. Akasema atauza wawili mnadani, ila mama yake ndo aende kukaa na mkewe, sio dada yake. Nyuma yake nikamsikia mama mkwe anauliza kwa nguvu kama huko kuna mbu kweli.