Nilivyojenga hita ya maji ya jua isiyo na pampu

Hita ya umeme ilikuwa ikila uniti nyingi kuliko kifaa kingine chochote nyumbani kwangu, ilhali paa lililo juu yake linachomwa na jua kutwa nzima. Niliamua kujenga mtambo wangu mwenyewe wa kupasha maji: paneli moja (sanduku lenye kioo juu na mabomba ndani, la kukamata joto la jua), tangi moja na mabomba mawili kati yake, bila pampu. Sasa unafanya kazi, na maji ninayooga asubuhi yamepashwa na jua la jana. Ninaandika kwa ajili ya anayetaka kujaribu, maana maelezo mengi niliyosoma yalikaa sana kwenye paneli, yakapita mbio kwenye mambo mawili yanayoamua kama utaoga maji ya moto kweli: mwinuko wa mabomba na ufunikaji wa tangi.

Nilianza na hesabu. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 4.2 hivi. Nilitaka lita 120 zipande nyuzi 30, yaani kilojuli zipatazo 15,000, ambazo ni sawa na uniti 4.2 za umeme. Mbingu zikiwa safi, jua la adhuhuri hutoa karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na mahali penye jua la kutosha jumla ya kutwa hufika uniti 5 hivi kwa mita hiyo. Paneli ya kujitengenezea ikikamata nusu yake, imefanya vizuri. Basi nilihitaji kasoro kidogo mita 2 za mraba, nikapima sanduku la mita 2 kwa mita 1. Usinunue hata kipande cha bomba kabla ya kufanya hesabu hii kwa maji unayotumia wewe. Tangi kubwa lililofungwa kwenye paneli ndogo hubaki vuguvugu siku zote.

Sanduku lenyewe ni mbao na plaiwudi, na halina ufundi wa kusimuliwa sana. Ndani yake kuna mabomba 8 ya shaba nyekundu ya milimita 15 yaliyosimama wima, yakiungana juu na chini na mabomba mawili mapana zaidi yaliyolala. Maji baridi huingia kona ya chini upande mmoja, na ya moto hutokea kona ya juu upande wa pili, mshazari. Kwa njia hiyo kila bomba la wima hupata sehemu yake ya maji. Ukiingiza na kutoa upande uleule, mabomba ya mbali hupitisha maji kidogo na joto lake halitumiki. Niliunga kwa lehemu isiyo na risasi, kwa kuwa haya ni maji ya nyumbani, kisha nikajaza maji kwa shinikizo na kuyaacha usiku kucha kabla ya kufunika chochote. Tone likivuja ndani ya sanduku lililokwisha kufungwa, itabidi ufumue kila kitu.

Kazi iliyonichukua muda mrefu ni ya mabati ya alumini, na kila saa niliyoitumia hapo imelipa. Kazi ya bati ni kupokea joto na kulisukuma kwenye bomba, lakini joto halivuki vizuri mahali penye hewa. Bati lililonyooka likiegemezwa tu kwenye bomba la mviringo linagusa mstari mwembamba, basi. Kwa hiyo nilichonga mfereji kwenye ubao mgumu, nikalaza bati juu yake, nikaweka nondo yenye unene uleule wa bomba, nikagonga kwa nyundo mpaka bati likabonyea na kuwa na mfereji wake. Bomba likakaa humo, limekumbatiwa nusu ya mzingo wake. Nilipaka silikoni nyembamba katikati ili kuziba mianya, nikakaza kwa waya. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu kwa uangalifu mkubwa kwenye paneli, fanya hili.

Rangi ni nyeusi isiyong'aa, ya kustahimili joto. Niliianika juani siku kadhaa kabla ya kuweka kioo, kwa sababu rangi mbichi ikipata joto hutoa mvuke unaoganda kwenye kioo kwa ndani kama ukungu. Nyuma ya mabati nimeweka sufi ya kioo, yaani nyuzinyuzi laini za kioo zinazozuia joto lisitoroke. Lile povu jeupe la kufungashia vifaa vya umeme sikulitumia, kwani paneli isiyopitisha maji hupanda joto kupita nyuzi 100, na povu hilo hulainika na kunywea. Kuanzia mwaka 1767 Mswisi Horace-Bénédict de Saussure alijenga masanduku yenye vioo vya tabaka tabaka, na ndani ya mojawapo la baadaye joto likapita kiwango cha maji kuchemka, kwa jua peke yake. Kioo hupitisha mwanga, lakini huzuia joto linalorudi kutoka kwenye bati jeusi.

Kulitunza joto ni kugumu kuliko kulikamata. Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya hita iliyokuwa na matangi meusi ndani ya sanduku lenye kioo. Ilipasha maji, ila tangi lililolala nje chini ya kioo hupoa lote usiku. William J. Bailey, kule California mwaka 1909, akatenganisha: paneli ibaki juani, tangi liende mahali pake likiwa limefunikwa vizuri. Mtambo wangu unafuata wazo lake hilo.

Na hapa ndipo palipo na uzuri wa kazi yote. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 ina uzito wa gramu 998. Ikifika nyuzi 60 ina gramu 983. Gramu hizo 15 ndizo pampu yangu. Maji yaliyopashwa kwenye paneli huwa mepesi, hupanda kwenda tangini, na mazito yaliyopoa hushuka kuchukua nafasi yake, mzunguko ukiendelea maadamu jua lipo. Lakini nguvu hiyo ni ndogo mno, kwa hiyo usiiwekee kikwazo. Bomba la kupanda nililifanya pana, fupi, na lenye kona chache, nikalifuata kwa pimamaji hatua kwa hatua kuhakikisha kwamba haliteremki popote, hata kidogo. Mahali bomba linapoinuka kisha likashuka, kiputo cha hewa hujikusanya, na kiputo kimoja kinatosha kusimamisha mzunguko wote.

Tangi lazima liwe juu ya paneli. Langu liko chini ya paa la nyumba, na paneli iko kwenye paa la chini la veranda. Kati ya ncha ya juu ya paneli na kitako cha tangi niliacha zaidi ya sentimita 30, vinginevyo usiku mzunguko unaweza kugeuka, maji ya moto yakashuka kwenda kupoea kwenye paneli. Tangi ni la chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kilichopakwa zinki nilikikwepa, kwa kuwa kikiunganishwa na shaba huliwa haraka. Nimelizungushia sufi ya kioo unene wa sentimita 10, mabomba nayo yamevishwa. Kumbuka uzito: lita 120 ni kilo 120 bila kuhesabu tangi lenyewe, kwa hiyo linakaa juu ya boriti zinazobebwa na kuta, halining'inii kwenye dari.

Maji yakipashwa hutanuka, na hilo si jambo la kupuuza. Kutoka nyuzi 20 hadi 80 lita 120 huongezeka zaidi ya lita 3. Mtambo wangu hauna shinikizo: hulishwa na tangi dogo la maji baridi lenye boya, na juu ya tangi la moto kuna bomba la kupumulia lililo wazi, linalopanda kupita usawa wa maji ya tangi la boya. Bomba hilo lisiwekewe koki kamwe. Tangi lililofungwa pande zote linaweza kupasuka.

Nilijaza maji jioni, jua likiwa limezama, maana maji baridi yakiingia kwenye paneli iliyochomeka hugeuka mvuke. Asubuhi iliyofuata nilishika mabomba kwa mkono: la juu likaanza kupata moto huku la chini bado baridi, ishara kwamba maji yanatembea. Siku za jua kali tangi hufika nyuzi 60 na zaidi, na hadi asubuhi hupungua nyuzi 4 au 5.

Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo bafuni niliweka valvu ya kuchanganyia maji ya moto na baridi. Usishushe tangi lenyewe likae vuguvugu ili kukwepa hilo: bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, huzaliana kati ya nyuzi 20 na 45. Mawingu yakikaa muda mrefu, ninawasha kipasha cha umeme kilicho ndani ya tangi hadi lifike nyuzi 60.

Paneli nimeiinamisha kwa nyuzi zinazolingana na latitudo ya hapa, ikitazama upande wa ikweta. Aliye karibu sana na ikweta asiilaze kabisa. Aiache na mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, ili maji yapande na mvua isafishe kioo. Na kama unaishi mahali ambapo maji huganda, mtambo huu usiutumie ulivyo: barafu itapasua mabomba. Huko kwenye paneli huzungushwa maji yaliyochanganywa na glaikoli (kimiminika kinachozuia maji yasigande), yanayopasha maji ya tangi kupitia bomba lililopindwa ndani yake.