Uwanja kando ya bembea, hivi Arlington walifikiria nini?

Mdogo wangu kaja kututembelea kutoka Tanga, mara yake ya kwanza Marekani, na kabla hata hajatoa zawadi za mama kwenye begi ameshaniambia anataka vitu viwili tu, Six Flags (bustani kubwa ya mabembea) na mechi. Nikamwambia poa kabisa, hapa Arlington, Texas, hivyo vitu ni majirani, tunamaliza vyote siku moja. Kujiamini kwa mwenyeji huko.

Asubuhi tukaenda kwenye mabembea, akapanda ile mitreni ya kupinduka pinduka mpaka akaniomba maji na kukaa kimya robo saa, jioni tukavuka kwenda Globe Life Field kuangalia Rangers wakicheza besiboli. Sasa shida haikuwa mechi (ingawa besiboli aisee, inning, yaani awamu, ya sita dogo kasinzia), shida ilikuwa magari. Wa bembea wanatoka, wa mechi wanaingia, wote wanagombania njia zilezile za kutokea barabara kuu ya I-30, jua la Texas halina hata habari kwamba ni jioni, na mimi nimekaa kwenye foleni najiuliza ni nani huyo alikaa ofisini akaona hapa ndo pa kuweka kiwanja.

Nikaenda kusoma, maana nisingelala. Kumbe kilichotangulia wala si bembea, ni barabara. Mwaka 1957 walifungua barabara ya kulipia kati ya Dallas na Fort Worth, na Arlington iko katikati pale, enzi hizo mji mdogo wenye ardhi tupu ya kumwaga. 1961 Six Flags ikajengwa pembeni ya hiyo barabara. 1965 kikaja kiwanja cha besiboli cha watu 10,000 na jina walilokipa ni Turnpike Stadium, yaani kiwanja kimeitwa kwa jina la barabara! Hapo ndo nikaelewa kila kitu. Meya wao, Tom Vandergriff, alikaa madarakani tangu 1951 mpaka 1977 na alihangaika miaka mingi kutafuta timu ya ligi kuu, mwisho ikahamia kwake ile ya Washington, 1972, ndo hao Rangers, wakakipanua kile kiwanja kikafika watu 35,000. Na mahali penyewe kisiasa pametulia, mtu wa Fort Worth hawezi kusema umependelea Dallas na wa Dallas naye hana la kusema.

Kwa hiyo watu wanaosema kiwanja kiliwekwa karibu na bembea ili familia zifurahi, mi naona wamegeuza mambo. Bembea na kiwanja vyote vilifuata lami na ardhi rahisi, ujirani wao umetokana na hapo.

Halafu ujirani wenyewe unategemea mchezo gani. Besiboli timu inacheza nyumbani mara 81 kwa msimu, na msimu wenyewe ni kiangazi hikihiki ambacho shule zimefungwa na bembea imejaa, sasa mnagongana karibu kila wiki. Cowboys wao, timu ya futiboli ya Kimarekani ambao AT&T Stadium yao iko pua na mdomo na ya Rangers, wanacheza nyumbani mara 8 au 9 tu kwenye ligi, nyingi Jumapili, tena kuanzia Septemba watoto wakiwa wamerudi shule. Kama mimi ndo ningekuwa na bembea na nikaambiwa nichague jirani, ningechukua mpira wao huu wa kurushiana kwa mikono bila kufikiria mara mbili.

Kinachoniuma ni kwamba hao Cowboys nusura waende kwingine. 2004 kulikuwa na mazungumzo ya kuwarudisha Fair Park kule Dallas, na Fair Park nako kuna gurudumu kubwa la bembea na maonyesho ya jimbo kila mwaka mwishoni mwa Septemba mpaka Oktoba, kama Sabasaba hivi ila na vyakula vya kukaanga zaidi. Mazungumzo yakavunjika, Novemba mwaka huohuo wananchi wa Arlington wakapiga kura kukubali kodi ya mauzo iongezwe nusu senti kwa kila dola, mji ukatoa dola milioni 325, na 2009 uwanja ukafunguliwa. Nyumba za watu zilizokuwa pale zilipigwa X kama tunavyopigiwa sisi kwetu, ila huku X inakuja kwa barua ya mwanasheria. Nilikuwa najua haya mambo ya kubomolewa na kugombania fidia ni ya Kimara tu jamani.

Na Fair Park leo treni ya DART, usafiri wa umma wa Dallas, inakushusha mlangoni. Arlington mji wenye watu karibu laki nne hauna hata basi la kawaida, ukipiga kura ya usafiri wa umma wanakataa, kuna vile vivan vya kuita kwa simu basi. Halafu Kombe la Dunia 2026 uwanja huo wa Cowboys ulipewa mechi 9, nyingi kuliko uwanja wowote. Kwetu Mkapa ikiisha mechi unatembea na umati mpaka Mandela Road, unakula mishikaki njiani, unadandia daladala, umefika.

Tulitoka paking saa tano na nusu usiku. Dogo kaangalia ule mstari wa taa nyekundu kaniambia, "Kaka, hata bodaboda moja hakuna?" Nimemwambia akija tena aje Septemba mwishoni, tutapanda treni twende Fair Park, gari tutaliacha stesheni.