Ovaroli ya mwanangu, Njombe mwezi wa saba

Tulimpeleka mwanangu wa miezi 5 kwa bibi yake Njombe mwezi wa saba, baridi ya kuuma vidole. Usiku wa kwanza mama mkwe alimvalisha kofia ya uzi na sweta mbili, juu blanketi zito. Saa nane nikampapasa nyuma ya shingo: jasho, nywele zimelowa chapachapa, na huku viganja ni vya baridi. Viganja vya mtoto hupoa upesi, visikudanganye. Joto lake lipime shingoni au kifuani.

"Mama, mtoto anatokota," nikamwambia. Tukavua kofia, maana joto likimzidi mtoto hulitolea sana kichwani. Tukamwachia fulana ya pamba na ovaroli yenye miguu, tukamlaza chali, blanketi tukaliweka mbali lisije likamfunika uso.

Ile ovaroli ni ya mtumba, niliinunua soko la Karume, Dar es Salaam. Kabla ya kuifua nilichomoa kamba ya shingoni, nikavuta kifungo kimoja kimoja, kisha nikaigeuza. Ndani ya mguu wa kushoto palining'inia uzi mrefu, wa kuweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu. Niliukata palepale.