Senti za simu: hesabu ya bonasi kutoka Shenzhen hadi Kolwezi

Mwaka 2011 watafiti watatu, Kenneth Kraemer, Greg Linden na Jason Dedrick, waliichambua bei ya iPhone 4 iliyotoka mwaka uliotangulia ili kuona kila mmoja anabaki na nini. Apple ilibaki na asilimia 58.5 ya bei kama faida. Wafanyakazi walioko China, wote kwa pamoja, walipata asilimia 1.8, karibu dola 10 kwa simu moja. Kampuni za Taiwan, ambako ndiko wanakotoka wenye viwanda vya kuunganisha, zilipata faida ya nusu asilimia tu. Tarakimu hii ya mwisho husahaulika, nasi tunaomba uishike kwanza. Ukimwendea mwenye kiwanda na kumtaka agawane faida na wafanyakazi wake, unamwomba agawe kijisehemu kidogo mno, kwa kuwa faida kubwa imelala kwa mwenye chapa. Mgao wenye uzito lazima utoke kwake, uingie kiwandani, na umfikie aliyeshika bisibisi bila kumegwa njiani. Kazi yote iko kwenye hiyo njia.

Kabla ya kutaja bonasi, jifunze kusoma hati ya mshahara ya China. Kanuni za kazi zinaweka saa 40 kwa wiki. Mshahara wa mwezi hugawanywa kwa siku 21.75, halafu kwa saa 8, ukapata malipo ya saa moja. Ovataimu ya jioni hulipwa mara 1.5, ya siku ya mapumziko mara 2, ya sikukuu ya kitaifa mara 3, na kikomo chake ni saa 36 kwa mwezi. Sasa chukua kima cha chini cha Shenzhen cha mwaka 2022, yuan 2,360, maana viwanda vingi huweka mshahara wa msingi papo hapo au juu yake kidogo. Saa moja ni yuan 13.56. Mtu akifanya saa 80 za ziada kwa mwezi, 40 za jioni na 40 za Jumamosi na Jumapili, anapata yuan 814 na 1,085, jumla 1,899. Mfukoni zinaingia 4,259 kabla ya makato, na karibu nusu yake imetoka kwenye uchovu.

Hapo ndipo mnunuzi mwenye nia njema, yaani kampuni inayoagiza vifaa kiwandani, anapofanya kosa lake la kwanza. Anaamuru saa zirudi 36 kama sheria inavyosema, na hagusi bei anayolipa. Saa 36 za jioni ni yuan 732, kwa hiyo mfanyakazi amepoteza yuan 1,167 kwa mwezi kwa jina la haki zake. Mwaka 2012 Fair Labor Association, shirika linalokagua hali ya kazi viwandani, ilikagua viwanda vitatu vya Foxconn, kampuni inayoiunganishia Apple simu, huko Shenzhen na Chengdu, ikakuta wiki zilizovuka saa 60, na papo hapo theluthi moja hivi ya waliohojiwa wakasema wangependa kuongezewa saa ili wapate zaidi. Watu hao hawaabudu kazi. Wanajua kodi ya chumba na ada ya mtoto kijijini ni kiasi gani. Punguzo la saa na nyongeza ya malipo lazima viende siku moja, kwenye mkataba mmoja.

Nyongeza hiyo hupimwa kwa pengo. Unatafuta kwanza mshahara wa kujikimu wa mji ule, kwa mbinu kama ya watafiti Richard na Martha Anker: gharama ya chakula, nyumba, mahitaji mengine na akiba ndogo ya dharura kwa familia, igawanye kwa idadi ya wanaofanya kazi ndani yake. Toa kile mfanyakazi anachopata ndani ya saa 40 pekee. Ovataimu usiihesabu, kwani ukiihesabu pengo linatoweka kwenye karatasi huku mtu akiendelea kusinzia kwenye laini ya uzalishaji. Kinachobaki ndilo pengo.

Sasa njoo kwenye hesabu inayowashinda wengi. Tuseme, kwa mfano tu, kiwanda kina watu 500 na pengo ni yuan 800 kwa kila mmoja kwa mwezi. Jumla ni yuan 400,000. Wewe unachukua asilimia 6 ya uzalishaji, vipande 5,000 kwa mwezi. Fungu lako la haki ni yuan 24,000, sawa na yuan 4.80 kwa kipande, fedha ambayo mteja wa mwisho hata haioni. Lakini ukiigawa kwa watu 500 kila mmoja anapata yuan 48. Pengo limezibwa kwa asilimia 6 tu, kwa sababu wanunuzi wengine hawakutoa kitu.

Basi mtu anapata wazo: kwa nini nisiwape wale 30 wa laini yangu, kila mmoja apate 800 yake kamili? Kwenye karatasi inapendeza. Kiwandani watu huhamishwa laini kila wiki kufuata oda, na msimamizi anayepanga nani akae laini yako sasa ameshika zawadi ya yuan 800 mkononi. Atawapa watu wake, na wengine watamlipa kwa siri ili wahamishiwe pale. Anayepachika ubao wa saketi ghorofa ya pili, ambao ndio moyo wa kifaa chako, hayumo kwenye hesabu, wala mpishi, wala anayefagia. Sisi tunasimama na mgao wa wote, hata ukiwa mdogo, kisha uwatafute wanunuzi wengine wa kiwanda kile kile, mmoja mmoja, ukiwa na hesabu yako mkononi.

Fairphone, kampuni ya simu ya Amsterdam, imepita njia mbili, ya mfuko na ya fedha taslimu, na inafaa kuiangalia kwa makini. Kwa simu yake ya kwanza, mwaka 2013, huko Chongqing, kampuni iliweka dola 2.50 kwa kila simu na kiwanda kikaweka dola 2.50, fedha zikaingia kwenye mfuko ambao wawakilishi waliochaguliwa na wafanyakazi wangeamua matumizi yake. Toleo la kwanza la simu 25,000 lilimaanisha dola 125,000. Ugumu wa mfuko wa namna hii ni kwamba viwanda vya elektroniki hupoteza watu haraka: unamfundisha mwakilishi kuendesha mkutano na kusoma hesabu, na baada ya sikukuu ya Mwaka Mpya wa China harudi. Mwaka 2019, kwa Fairphone 3 iliyounganishwa na Arima huko Suzhou, ikahamia kwenye bonasi ya fedha taslimu iliyolengwa kwenye pengo, isiyofika dola 2 kwa simu. Mfanyakazi anayeondoka mwezi ujao hufaidika na fedha, hafaidiki na ukumbi wa michezo utakaojengwa mwakani.

Kwenye mkataba, bonasi iwe na mstari wake peke yake katika ankara, nje ya bei ya kipande. Ikifichwa ndani ya bei, mwaka ujao ofisa manunuzi wako mwenyewe, akibanwa apunguze gharama, ataila bila kujua. Ikusanywe kwa vipande vilivyosafirishwa, lakini igawiwe kwa kichwa na kwa siku alizokuwepo mtu. Ukiigawa kwa vipande alivyotengeneza umenunua kasi, na kasi huleta maumivu ya kifundo cha mkono na lehemu mbovu kwenye ubao. Usiifunge na sharti la kutokosa hata siku moja, maana mgonjwa atakuja na homa yake. Andika wazi kwamba wafanyakazi walioletwa na wakala wa ajira wamo. Kanuni za China za mwaka 2014 zinataka wafanyakazi wa wakala wasizidi asilimia 10, ila msimu wa oda kubwa ndio hasa wanaojaza laini. Andika pia nani analipa kodi na makato ya hifadhi ya jamii yanayoongezeka, ama sivyo kiwanda kitayatoa humo humo kwenye bonasi.

Masharti yakishatangazwa hayabadiliki katikati. Novemba 2022, kwenye kiwanda cha Foxconn huko Zhengzhou, walioajiriwa kwa ahadi ya bonasi walifika wakaona masharti ya malipo si yale waliyoyajua, wakaandamana na kukabiliana na walinzi. Kampuni ilisema ni kosa la kiufundi kwenye mfumo, kisha ikatoa yuan 10,000 kwa waliokubali kuondoka.

Kuhakiki ni suala la kulinganisha karatasi, na hapa wakaguzi wengi hudanganyika kwa sababu husoma daftari la mahudhurio walilotayarishiwa. Kuna kiwanda chenye daftari mbili. Dawa yake iko kwenye elektroniki zenyewe: kila kifaa kinapopita meza ya majaribio, mashine huandika namba yake ya utambulisho, tarehe na saa. Omba faili hiyo kwa ajili ya ubora, jambo ambalo hakuna atakayelishangaa. Chagua Jumapili nne. Kama daftari linasema wote walipumzika na faili inaonyesha vifaa 600 vilijaribiwa saa nne usiku, umeshapata jibu lako. Halafu chagua majina 15, fuata kila moja kutoka mahudhurio hadi orodha ya mishahara hadi orodha ya benki, na uangalie kama yuan za bonasi zilifika zikiwa kamili.

Angalia na mkono wako pia. Ovataimu nyingi huzaliwa ofisini kwa mnunuzi. Ukibadili kapasita moja, kipuri kidogo cha ubao, baada ya kupachika kuanza, mashine inasimama, rili za vipuri zinabadilishwa, programu inaandikwa upya, na tarehe ya meli iko pale pale. Skrini zikichelewa wiki moja, wiki hiyo itafidiwa kwa zamu za usiku. Funga orodha ya vipuri kabla ya kutoa oda, toa makisio ya miezi mitatu mbele, na usirundike oda kabla ya Mwaka Mpya wa China. Kama desturi yenu ni asilimia 30 mwanzo na 70 kabla ya kusafirisha, lipa hiyo 70 kwa wakati, maana mishahara ya mwezi ule imo ndani yake.

Upande wa pili wa simu uko Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti huko Kongo, na huko Kiswahili ndicho kinachosikika sokoni. Betri ya mAh 4,000 ya oksidi ya lithiamu na kobalti inahitaji gramu 23 hivi za oksidi hiyo, na asilimia 60 ya uzito wake ni kobalti: gramu 14. Bei ikiwa dola 30,000 kwa tani, kobalti ya simu nzima ni senti 42. Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2018 imegawa mrabaha, asilimia 10 kwa kobalti, hivi: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka ya eneo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na juu yake kampuni hutoa asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Ni mgao ulioandikwa vizuri. Mchimbaji mdogo, krezeri, hauoni, kwa sababu malipo yake yanaamuliwa mahali pengine, mbele ya Metorex.

Hilo ndilo jina wanaloiita ile bunduki ndogo ya eksirei kwenye depo za Musompo, soko la madini karibu na Kolwezi. Mnunuzi wa madini anaigusisha na mawe, namba inatoka, na bei inasomwa kwenye ubao kulingana na asilimia. Mashine husoma ngozi ya juu tu, kwa hiyo jiwe analolichagua mnunuzi ndilo linaloamua, na mzigo wenye maji husoma chini. Gunia la kilo 50 lenye asilimia 3 lina kilo 1.5 za kobalti. Likisomwa 2.4, zimebaki kilo 1.2, na sehemu ya tano ya jasho imekwisha pale pale mezani.

Chama cha wachimbaji chenye mashine yake kinaweza kufanya hivi: saga sampuli, irundike kama kichuguu, ibonyeze, igawe robo nne, chukua mbili za mkabala, rudia mpaka ibaki gramu mia chache, kausha, ndipo upime. Weka kichupa cha unga wenye asilimia inayojulikana na ukipime kwanza mbele ya wauzaji kila asubuhi. Risiti iandikwe kilo, asilimia na unyevu, namba tatu, na nakala abaki nayo mchimbaji.