Nyanya inanyauka na maji yamejaa, inakuwaje?

Jirani yangu kapanda nyanya kwenye ndoo, kila jioni anamwagilia mpaka maji yanaelea juu, alafu kesho yake mchana zimelala, anaongeza tena. Jamani, mizizi nayo inapumua!

Iko hivi, maji hayaingii kwa mzizi mzima sawasawa, mengi yanaingia karibu na ncha, kwenye vile vinyweleo vyembamba ambavyo ukingoa mche kwa kuvuta vinakatika vinabaki kwenye udongo. Kuyapandisha juu wala mmea hautumii nguvu sana, jua likipiga, maji yanatoka kwenye majani kama mvuke na yanavuta mengine kutoka chini kupitia mirija ya zailemu. Ila madini kama naitreti na potasiamu ni shughuli nyingine, mara nyingi kwenye udongo yako kidogo kuliko ndani ya mzizi, kwa hiyo mzizi lazima uyavute kwa nguvu, na nguvu hiyo inatokana na kupumua, sasa udongo ukijaa maji oksijeni inakata, mzizi unazubaa, hata vile vinjia vya maji kwenye seli vinajifunga, ndo unaona mmea una kiu na ndoo imejaa.

Na usikimbilie urea eti majani yamekuwa njano, ukiirundika shinani chumvi inazidi nje, maji yanatoka mzizini yanarudi kwenye udongo.

Toboa ndoo chini, changanya mchanga na samadi iliyooza vizuri, alafu kabla ya kumwagilia chomeka kidole, ukikuta unyevu acha kwanza.