Bampa ya nyuma imerudi, na yaliyokuwa nyuma yake

Leo gari yangu imetoka gereji na nina furaha ambayo sikujua bampa inaweza kumpa mtu, acha niandike kabla haijapoa.

Aliyenigonga alinikuta nimesimama kwenye foleni, hakuwa na spidi kubwa, tukashuka wote wawili tukaenda kuangalia. Bampa ilikuwa imebonyea upande wa kushoto, alafu tukiwa bado tunaongea pale pale ile sehemu ikajirudisha yenyewe, ikatoa mlio, ikawa kama haijaguswa isipokuwa mikwaruzo na ufa mdogo kwenye kona. Yule kaka akashusha pumzi, akasema, "Dada, hapo ni kupiga rangi tu." Alikuwa muungwana na sina kinyongo naye, nikamwambia kaka yangu, hatujui mpaka ifunguliwe.

Maana hiyo tunayoiita bampa ni ganda la plastiki tu. Plastiki ile inapinda na kurudi, lakini nyuma yake kuna sponji ngumu ya kufyonza kishindo, na nyuma ya sponji kuna chuma kinachovuka gari toka taa hadi taa, na hicho chuma kimeshikwa na vikono viwili vifupi vya bati vilivyotengenezwa makusudi vikunjike ili chesisi isiumie. Sasa plastiki ikirudi haina maana vya ndani navyo vimerudi. Sponji ikipasuka imepasuka, bati likikunjana limekunjana, na ukigongwa tena siku nyingine hakuna kitu cha kufyonza, kishindo kinaingia moja kwa moja kwenye buti na kwa waliokaa siti ya nyuma. Mimi nabeba watoto siti ya nyuma kwa hiyo hili kwangu halina mjadala.

Gereji ya kwanza niliyopita walitaka kupaka puti, ile ya kujazia mabonyeo, juu kwa juu wapige rangi bila hata kufungua boliti moja, wakanihakikishia jioni nachukua gari. Nikawashukuru nikaondoka. Fundi bodi niliyemwachia kazi alianza tofauti kabisa: alipiga picha kila upande, akafungua buti, akatoa taa za nyuma, akachomoa klipu moja moja bila kuzivunja, akachomoa waya wa sensa (vile vidude vinavyolia ukirudi nyuma na kukaribia kitu) ndio bampa ikatoka, akaniita, "Dada njoo uone mwenyewe."

Sponji upande wa kushoto ilikuwa imevunjika vipande, vingine vilidondoka chini bampa ilipovuliwa. Chuma kilikuwa kimeingia ndani, ukikitazama kutokea pembeni unaona kabisa hakijanyooka tena. Kikono cha kushoto kilikuwa kimejikunja. Alafu akainua kapeti ya buti akaniambia nipitishe kidole kwenye kona karibu na shimo la tairi la spea, nikasikia mkunjo kwenye bati, mdogo sana, jicho halikuuona ila kidole kiliusikia, na ile gundi ya kuzuia maji kwenye maungio ilikuwa imepasuka. Hapo ndio pangekuja kuingiza maji kimya kimya mpaka bati lioze, na huku nje bampa inang'aa!

Bima yenyewe ilikuwa imekadiria kwa kilichoonekana nje tu, kwa hiyo fundi akasimamisha kazi akawatumia picha za ndani waje wakague tena, na wakaongeza. Hii naisema kwa sababu wengi wanapokea makadirio ya kwanza wakidhani ndio mwisho. Sio mwisho, ila picha zipigwe na wahusika waone kabla hakijatengenezwa chochote, ukishafunika huna tena cha kuwaonyesha.

Chuma na kikono na sponji vikawekwa vipya. Niliuliza kama chuma hakinyosheki, akasema mara nyingi vyuma hivi ni vya aina ngumu sana, ukikipasha moto na kukinyoosha sura inarudi ila nguvu hairudi, na hilo nililipenda kwa sababu angeweza tu kunyoosha nisijue maisha yangu yote. Bati la buti akalivuta taratibu huku anapima vipimo vya mshazari kushoto na kulia, akapaka gundi mpya kwenye maungio na dawa ya kutu.

Ganda lenyewe lilipona. Kwa ndani limechapwa herufi PP+EPDM, fundi akanieleza hiyo ndiyo inayomwambia achomelee kwa plastiki ya aina gani, maana ukichomelea aina nyingine haishikani. Akachomelea ufa kwa ndani akiweka na wavu wa chuma, akarudisha na sikio moja la kushikia lililokatika. Plastiki hii pia ni mbishi kwa rangi, isipopigwa praima yake maalum, ile ya kutangulia chini ya rangi, rangi inabanduka kama ganda la kitunguu baada ya muda, na hiyo ndiyo sababu unaona bampa nyingi zilizorekebishwa zimechubuka vipande vipande wakati mlango wa gari hiyo hiyo uko sawa. Kuhusu rangi hakutegemea namba ya rangi ya gari tu, alipuliza kwanza kwenye kadi akaiweka ubavuni kwa gari nje juani, akarekebisha, ndio akapuliza bampa.

Kitu kimoja nilichokisisitiza sana ni zile sensa. Gari yangu ina sensa za kurudi nyuma na pia rada kwenye kona za bampa inayoangalia gari zilizojificha pembeni, na rada hiyo inapiga kupitia kwenye plastiki. Puti nene au rangi nyingi mbele yake inaivuruga, na kishikio chake kikipinda kidogo tu inaangalia pembeni pasipo pake, na taa kwenye dashibodi inaweza isiwake kabisa. Bahati nzuri ufa ulikuwa chini ya hapo. Wakaipima upya na mashine na nikapewa karatasi ya majibu, nikarudi nyuma polepole kuelekea ukutani mpaka mlio ukawa mmoja mrefu, kisha tukapitia nafasi kati ya bampa na mlango wa buti, kushoto na kulia ziko sawasawa. Tukamwaga maji juu ya buti, kapeti ikainuliwa, pakavu.

Rangi bado changa kwa hiyo nimekatazwa mashine ya presha na waksi kwa sasa. Yule kaka nimemtumia picha zote za chuma kilichopinda, akanipigia saa hiyo hiyo kuniuliza fundi anapatikana wapi, maana na yeye bampa yake ya mbele aliambiwa ni rangi tu na bado hajaifungua.