Ngazi ya Pili ya Kutokea Chini ya Ardhi

Tangu ghorofa liporomoke Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, na waokoaji wakawa wanawafikishia maji na oksijeni watu waliokwama chini ya ardhi, siingii duka la chini ya ardhi bila kujiuliza kwanza nitatokea wapi. Jengo lile lilianguka, halikuungua, na mlango wa dharura usingelizuia lisianguke; hata hivyo lilitukumbusha kwamba aliye chini hana dirisha la kuombea msaada.

Kwa upande wa moto, hatari ya chini ni ya namna yake. Ghorofani, anayekimbia hushuka na moshi hupanda, hivyo huachana njia. Chini ya ardhi wote wawili hupanda, na ngazi ikiwa moja, ngazi hiyo hugeuka dohani.

Chukua duka la mita 20 kwa 15. Kanuni ya ujenzi ya IBC (International Building Code), ambayo ndiyo msingi wa sheria za ujenzi katika majimbo mengi ya Marekani, humhesabia kila mtu dukani takriban mita za mraba 5.6, kwa hiyo duka hilo huhesabiwa kuwa la watu 54. Njia moja ya kutokea huruhusiwa kwa watu wasiozidi 49, kwa hiyo hapa zinatakiwa mbili, tena umbali kati yake usipungue nusu ya kipimo cha kona hadi kona ya mkabala, ambacho ni mita 25. Yaani mita 12.5, au theluthi ya zile mita 25 pakiwa na vinyunyizio vya maji. Laiti mafundi wetu wangekariri sharti hili kabla ya mengine yote, kwani nimeona michoro yenye ngazi mbili zilizopakana ukuta, ambazo moshi ungezijaza kwa dakika ile ile. Milango nayo ifunguke kuelekea nje, na taa za dharura zidumu dakika 90 umeme ukikatika.

Ngazi inayotoka ghorofani na kuendelea hadi chini huwekewa kizuizi kwenye usawa wa barabara, kwa sababu mtu anayeshuka mbio gizani anaweza kuupita mlango wa nje bila kujua, akajikuta chini kwenye moto wenyewe.

Mwezi uliopita nilishuka kwenye duka moja la vitambaa. Mlango wa pili ulikuwapo, lakini majora yalikuwa yamepangwa hadi kuufunika nusu, na komeo lilikuwa na kufuli ambalo ufunguo wake alikuwa nao mlinzi wa nje. Nilipouliza, kijana wa duka alinijibu kwa upole: "Bosi, mlango ule ukiachwa wazi unapitisha wezi." Nilimwelewa, kwa kuwa wizi ni hofu yake ya kila siku. Nikamweleza kwamba kanuni haidai mlango uachwe wazi, bali ufunguke kutoka ndani bila ufunguo, hata kama kwa nje umefungwa kabisa, na kwamba kengele inayolia unaposukumwa ingetosha kumjulisha. Tuliyahamisha majora yaliyoziba kitasa. Kufuli lilibaki pale pale, likimsubiri mwenye nyumba.